Muulize Fundi: Nisubiri betri yabisi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni dereva wa tuktuk, nabeba abiria kati ya feri na Shika Adabu. Petroli inanimaliza, kwa hiyo nimeweka akiba ninunue tuktuk ya umeme. Mwenzangu stejini ananikataza. Anasema inakuja betri yabisi, haiungui, inajaa kwa dakika chache, na hizi za sasa zitakuwa takataka. Ninunue au nisubiri?
Dereva, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nunua.

Mwenzako hakuzua. Betri za lithiamu tunazotumia, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, zina majimaji ndani yake, elektrolaiti, na chaji hupitia humo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Majimaji hayo hushika moto. Kwenye betri yabisi huondolewa, pakawekwa kitu kikavu kama kauri au salfaidi, yaani mchanganyiko wenye salfa. Hapo upande hasi unaweza kuwa lithiamu tupu badala ya grafiti, ile kaboni ya kwenye penseli, na betri ya uzito uleule ikabeba umeme mwingi zaidi.

Shida ni kuitengeneza. Lithiamu ikichajiwa kwa kasi huota vijimiba, navyo hupenya hata kauri mpaka pande mbili zikagusana na seli, kijibetri kimoja kati ya vinavyounda betri, ikafa. Seli hutanuka ikijaa na kusinyaa ikitumika, na vitu vikavu viwili vikiachana kidogo tu, chaji haina pa kupita. Ndiyo maana nyingi hubanwa kwa nguvu. Salfaidi nayo ikipata unyevu hutoa gesi ya sumu inayonuka yai viza, kwa hiyo kiwandani hewa lazima ikaushwe kabisa. Toyota na Idemitsu, kampuni ya mafuta ya Japani, waliungana Oktoba 2023 kwa ajili ya salfaidi hiyo, wakalenga kuweka betri hizo kwenye magari mwaka 2027 au 2028. Hayo ni magari ya bei, tena machache kwa kuanzia. Tuktuk ziko mwisho wa foleni.

Na hilo la kutoungua lisemwe kwa kiasi. Aprili 2022 Paris iliondoa barabarani mabasi 149 ya umeme baada ya mawili kuungua, na betri zake zilikuwa za lithiamu na polima yabisi, kitu kikavu cha jamii ya plastiki.

Kinachoua betri hapa Mombasa nakiona mezani kwangu Changamwe. Naletewa tuktuk, mwenyewe kaambiwa betri imekwisha. Nachomoa plagi ya betri: pini ya shaba imegeuka kijani kwa chumvi, plastiki pembeni imeyeyuka na kuwa kahawia. Nikipima seli, nzima zote. Pini iliyoliwa haishiki vizuri, inapata moto, na umeme unapotelea hapo hapo. Betri yabisi nayo itafungwa plagi, na itapigwa na upepo huo huo wa bahari.

Kwa hiyo ukienda kununua, uliza kwanza betri ni ya asidi au ya lithiamu, maana tuktuk nyingine za bei nafuu huja na asidi, na hiyo kwa kazi yako ya kutwa itachoka mapema. Kama ni lithiamu, omba ile ya fosfeti ya chuma. Ni nzito kidogo, lakini hustahimili joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko zile za lithiamu zenye nikeli. Akikwambia ni "nusu-yabisi", jua majimaji bado yamo, usimwongezee bei kwa jina hilo. Ukishaichukua, usiiache juani ikiwa imejaa, hasa wakati wa kaskazi, na ukimaliza kazi iache ipoe kabla ya kuichomeka. Plagi ifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara, ipakwe grisi ya umeme.

Dhamana ya betri iandikwe kwenye karatasi, ionyeshe miaka na kiwango cha uwezo wa kubeba chaji ambacho betri ikishuka chini yake unabadilishiwa. Muuzaji akikataa kuandika, mwanangu, nenda duka jingine.