Jibu: Intaneti kusumbua baada ya kufunga adapta ya simu
Mkuu wa Shangani, umesema Wi-Fi ilikuwa safi hadi ulipochomeka adapta ya simu (kile kifaa cha kupigia simu ya mezani kupitia intaneti) kati ya modemu, inayoleta intaneti, na ruta, inayoigawa kwa Wi-Fi. Tatizo naliona hapo hapo. Adapta nyingi zenye matundu mawili ya waya nazo ni ruta, zinagawa anwani, yaani namba za kutambulisha vifaa kwenye mtandao. Adapta na ruta yako zote zikitumia anwani moja, mfano 192.168.1.1, zinagongana.

Rudisha ruta kwenye modemu, adapta ichomeke nyuma ya ruta kupitia tundu lake la WAN (la kuingizia intaneti). Zima vyote, washa modemu, subiri taa zitulie, ndipo ruta, adapta mwisho. Kifurushi kikubwa cha intaneti usinunue bado, simu moja ya namna hii hula chini ya kilobiti 100 kwa sekunde. Ukimsikia mwenzio yeye hakusikii, zima SIP ALG kwenye ruta, ni mpangilio unaoingilia simu za intaneti. Na umeme ukikatika, simu hiyo nayo kimya, labda uwe na betri.