Molekuli huakisi mwanga wa leza?

Swali: Katika makala ya sayansi niliandika hivi: "Watafiti humulika molekuli za metali kwa leza, nazo huakisi mwanga unaoonyesha urefu wa bondi." Mhariri amekata "za metali" na "huakisi" bila maelezo. Nimekosea wapi?

Jibu: Mhariri yuko sahihi kote kuwili, ingawa mstari mmoja wa maelezo usingemgharimu kitu.

Kuakisi ni kurudisha mwanga ule ule uliokuangukia, kioo huakisi. Molekuli hapa haifanyi hivyo. Huufyonza mwanga pale tu rangi ya leza inapolingana na pengo kati ya viwango viwili vya nishati yake, kisha punde hutoa mwanga, aghalabu wenye mawimbi marefu zaidi. Kwa hiyo andika "hufyonza" na "hutoa". Si uchaguzi wa maneno tu, kwa sababu spektroskopia yenyewe, yaani uchunguzi wa vitu kwa mwanga wanaoufyonza au kuutoa, imesimama hapo. Mtafiti hubadilisha rangi ya leza kidogo kidogo akitazama ni wapi molekuli zinang'aa. Mpangilio wa mistari inayojitokeza, yaani rangi zile zinazoamsha mng'ao, hufuata namna molekuli inavyozunguka, na mzunguko huo hutegemea uzito wa atomu na umbali uliopo kati yake. Uzito unajulikana, basi umbali hukokotolewa. Na umbali huo ndio urefu wa bondi, ule muungano unaozishika atomu pamoja.

Ama "za metali", tatizo ni kile kihusishi -a. Pete ya dhahabu imefanywa kwa dhahabu; pete yenye dhahabu yaweza kuwa ya fedha iliyonakshiwa. Titaniamu monoksaidi ina atomu moja ya metali na moja ya oksijeni, kwa hiyo ni molekuli yenye metali. Ya metali kwa haki ni ile ya atomu mbili za kromiamu, nayo ni kioja: leza zilionyesha kuwa bondi yake ina urefu wa nanomita 0.168 hivi, ilhali katika kipande cha kromiamu atomu jirani zimeachana kwa takriban nanomita 0.25. Pamoja na ufupi huo, bondi hiyo ni dhaifu kuliko ambavyo mtu angetarajia. Ukiifikia katika makala yako, usiandike "fupi" pale unapomaanisha "imara".

"Bondi" iache ilivyo. Wapo wanaopendelea "kifungo", lakini mimi nikilisoma neno hilo fikra hunipeleka gerezani, au kwenye shati.