Shangazi wa Sinema Anajibu: Watatu walioisikia hotuba ile

Shikamoo Shangazi. Nauza viwanja kwa kamisheni hapa Dar es Salaam, huu ni mwezi wa tano. Kila Jumatatu asubuhi bosi wetu anatuonyesha kipande kilekile cha filamu. Mwanamume mwenye suti anawafokea wauzaji, anamkataza mzee mmoja asinywe kahawa, kisha anatangaza mashindano: wa kwanza gari, wa pili visu, wa tatu kufukuzwa kazi. Bosi anasema hiyo ndiyo roho ya mauzo. Wenzangu wawili wameshakariri maneno yote. Mimi nikikitazama tumbo linanikaza. Je, mimi ni dhaifu? Na filamu yenyewe inaitwaje?
*Msomaji, Tabata*

Marahaba mwanangu. Filamu ni *Glengarry Glen Ross* ya mwaka 1992. Aliyeiongoza ni James Foley, na aliyeiandika ni David Mamet, akiitoa kwenye tamthilia yake mwenyewe. Anayefoka ni Alec Baldwin, gari ni Cadillac Eldorado, na visu ni vya kulia nyama. Wewe si dhaifu. Tumbo lako limeielewa filamu hiyo vizuri kuliko kipande mnachoonyeshwa.

Hebu tuhesabu pamoja. Wauzaji wa ardhi wanaokaa mbele ya Baldwin wakimsikiliza ni watatu: Levene, Moss na Aaronow. Wa nne, Ricky Roma, anayeigizwa na Al Pacino, hayumo ofisini kabisa, na ndiye ambaye jina lake liko juu kwenye ubao wa mauzo. Yeye yuko ng'ambo ya barabara kwenye mkahawa wa Kichina, amekaa na mwanamume mpweke anayeitwa Lingk, wanazungumza habari za maisha na hofu za binadamu. Ardhi haitajwi mpaka mwisho, pale anapotoa kijitabu cha picha na kukifungua mezani kama kitu kilichomjia tu akilini.

Sasa watatu walioisikia hotuba wamefanya nini? Moss anatoka pale na mpango wa kuvunja ofisi usiku huohuo, aibe kadi za wateja, zile zenye majina ya watu wanaoweza kununua, na kuziuza kwa mshindani. Aaronow hauzi kitu. Levene anarudi asubuhi akishangilia kwamba ameuza viwanja 8 kwa dola 82,000, kumbe walionunua ni mume na mke wasio na akili timamu, wanaopenda tu kutembelewa na wauzaji wapate wa kuzungumza naye. Hundi yao si kitu. Na aliyevunja ofisi usiku ule ni yeye Levene, kwa kushirikiana na Moss. Hayo ndiyo mavuno ya hotuba ya bosi wako: wezi wawili na mtu mmoja aliyebaki mikono mitupu. Anayeuza ni yule ambaye hakuisikia.

Tena hotuba hiyo haimo kwenye tamthilia. Mamet aliiandika kwa ajili ya filamu, na mimi naamini aliiweka pale mwanzoni ili tuone moto unavyowashwa chini ya chungu, halafu tukae na chungu mpaka kichemke. Kukata kipande hicho na kukionyesha peke yake ni sawa na kumsomea mtu barua ya mkopo ukaacha ukurasa wa riba.

Nikupe na langu, kwa sababu umeniuliza kwa uchungu. Niliuza bima ya maisha mjini Tanga kuanzia 1994 hadi 1997, kwa miguu, Ngamiani, Makorora na Chumbageni, na begi la fomu begani. Ofisini kulikuwa na ubao wa chaki wenye majina yetu. Ukikaa chini miezi miwili mfululizo, ulinyimwa nauli. Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alikaa chini muda mrefu. Mara akaanza kupanda. Wiki hii fomu nne, wiki ijayo sita, nasi tukampigia makofi kila Ijumaa. Baadaye ikajulikana kwamba wateja wale walikuwa hewa. Yalikuwa majina ya ndugu zake wa kijijini, na mchango wa kwanza wa kila mmoja alikuwa akiulipa yeye mwenyewe kwa fedha za kukopa. Aliondoka bila kuaga. Koti lake lilibaki likining'inia nyuma ya mlango, na siku nilipoacha kazi lilikuwa bado liko palepale.

Ndiyo maana nakuomba umtazame Jack Lemmon, anayemwigiza Levene. Yuko kwenye kibanda cha simu, nje mvua inanyesha, anamwambia mteja kwamba yeye ni mkubwa wa kampuni, amepita mjini mara moja tu, na anamwagiza katibu muhtasi asiyekuwepo amshughulikie tiketi za ndege. Sauti ni ya tajiri. Akishaweka simu, uso wote unaporomoka. Binti yake yuko hospitali. Anambembeleza meneja ampe kadi nzuri, meneja anataka dola 50 kwa kila kadi pamoja na asilimia 20 ya kamisheni, na mzee hana hata dola 100 za kutoa papo hapo. Mimi nimeiona filamu hii mara nyingi, na kila nikifika hapo naliona lile koti.

Mwambie bosi wako kwa adabu kwamba filamu nzima ni dakika 100. Jumatatu moja itazameni yote.

Shangazi, mimi na mume wangu tumebishana. Meneja alijuaje kwamba Levene ndiye mwizi? Mbona hakuna aliyemwona?
*Mama wawili, Morogoro*

Mzee alijichongea kwa ulimi wake. Asubuhi Lingk anakuja kutaka kuvunja mkataba, na Roma anamzungusha. Williamson, yule meneja anayeigizwa na Kevin Spacey, anaingilia kati akidhani anasaidia, anamwambia Lingk kwamba hundi yake imeshapelekwa benki. Mauzo yanakufa palepale. Levene anamkaripia meneja: ukitaka kutunga uongo, tunga wa kusaidia. Meneja anasimama. Umejuaje kwamba nimetunga? Kwa kawaida mikataba hupelekwa benki jioni. Usiku ule tu, mkataba wa Lingk ulibaki juu ya meza yake, na wa kuuona pale ni yule aliyeingia ofisini gizani. Mpaka hapo Levene alikuwa ameshamcheka meneja kwa dakika kadhaa, akijiona kijana tena. Inauma kutazama.

Je, ni kisa cha kweli? Viwanja hivyo viliuzwa kweli?
*Msomaji, Mombasa*

Watu ni wa kubuni, kazi ni ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mamet alifanya kazi kwenye ofisi ya kuuza ardhi huko Chicago, na lugha ile ya kukatizana maneno aliichota humo. Tamthilia ilionyeshwa kwanza London mwaka 1983, ikaenda Chicago na New York mwaka 1984, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Pulitzer.

Biashara yenyewe ilistawi sana Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kampuni zilipasua maeneo makubwa ya Florida na ya majimbo ya jangwani kuwa viwanja vidogo, zikaviuza kwa simu, kwa posta na kwa chakula cha jioni cha bure, kwa watu wa miji ya baridi waliokuwa wakiota ndoto ya kustaafu juani. Wengi walilipa kidogokidogo kwa miaka bila kukanyaga pale mahali. Waliokwenda kutazama, wengine walikuta kinamasi, wengine mchanga usio na barabara wala maji. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1968 ya kuwalazimisha wauzaji hao kumweleza mnunuzi ukweli kuhusu ardhi kabla hajasaini. Jina lenyewe, Glengarry, ni la bonde la Uskoti. Linaleta harufu ya milima na umande kwa mtu asiyejua anauziwa nini.

Na wewe wa Tabata, kama unasoma hapa pia: mpeleke mteja akanyage kiwanja kwa miguu yake, aone mawe ya mipaka.

Pacino alipata Oscar kwa filamu hii?
*Msomaji, Dodoma*

Aliteuliwa kwenye kundi la waigizaji wasaidizi, akashindwa na Gene Hackman. Usiku uleule akashinda kama mwigizaji mkuu kwa filamu nyingine. Lemmon alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la Venice mwaka 1992, na ningekuwa mwamuzi ningempa mbili.

Shangazi, mbona hakuna mwanamke kwenye filamu hiyo?
*Binti wa kidato cha sita, Nakuru*

Wako, mwanangu, ila wamewekwa nje ya mlango. Binti wa Levene yuko hospitali na hatumwoni. Mke wa Lingk hatumwoni pia, lakini ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Yeye ndiye aliyesoma karatasi nyumbani, akapiga simu kuuliza sheria, akajua wana siku tatu za kazi za kughairi, akamtuma mumewe arudi akadai hundi. Roma anajaribu kumweka Lingk mbali na mkewe mpaka siku tatu zipite, na Lingk karibu akubali, maana anamwonea haya Roma kama mtu anayemkosea rafiki.

Nilipokuwa Tanga nilifundishwa kufanya vilevile: mkute baba peke yake kazini, asaini kabla hajafika nyumbani. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, na fomu zikawa zinarudishwa Jumatatu. Nikabadili. Nikawa nakwenda jioni, naketi jikoni kwenye kigoda, namsomea mama fomu yote huku akisonga ugali, na nikiulizwa swali nisilolijua naacha fomu pale narudi keshokutwa. Ubaoni sikuwahi kuwa wa kwanza. Mama mmoja wa Makorora bado ananiletea machungwa.