"Check" ya Kiingereza na shaha wetu ni neno moja

Mkuu umeuliza inakuwaje "check" iwe kukagua, iwe hundi, iwe shati la drafti, halafu tena iwe kuzuia, na ukadhani ni maneno manne yaliyogongana sauti. Ni neno moja, na chimbuko lake ni sataranji, yaani chesi.

Mimi sataranji nilifundishwa na marehemu babu, barazani Unguja. Kila akimtishia mfalme wangu alitamka "shaha!" Sikuwahi kuuliza kwa nini. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa Kiingereza, nikafunua kamusi kutafuta asili ya "check" nikakuta shah, yaani mfalme kwa Kiajemi. Nilitamani babu awe hai nikamsimulie.

Mchezo ulitoka Uajemi ukapita kwa Waarabu hadi Ulaya. Wafaransa wakatamka eschec, na kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa nalo. Sasa mtazame mfalme aliyetishiwa: huruhusiwi kucheza kete yoyote ila ya kumnusuru. Umezuiwa. Kuzuia kukazaa kudhibiti, kudhibiti kukazaa kukagua. "Checkmate" nayo ni shah mat. Hiyo mat kwa Kiajemi ni kuishiwa hila, ingawa sikio la Mwarabu husikia "amekufa", na sisi wenye mauti na maiti tunasikia hivyohivyo.

Shati la drafti ni ule ubao wa miraba. Nasi tumefanya vilevile, nguo tumeipa jina la mchezo! Karne ya 12 hazina ya mfalme wa Uingereza ilihesabia fedha kwenye meza ya futi 10 kwa 5, imetandikwa kitambaa cha miraba, ndiyo ikaitwa Exchequer. Hundi je? Mwanzoni "check" kilikuwa kile kishina kinachobaki kitabuni ili kukagua kama karatasi imeghushiwa. Tahajia ya "cheque" ikaja kufuata Exchequer.

Kwa hiyo kijana akikwambia "nicheki kesho", neno hilo limetufikia mara mbili: kwanza shaha, jina tulilomvisha hata bingwa wa malenga, kisha cheki kwa mkono wa Mwingereza. Darasani huwa nayaandika yote mawili, shaha kushoto, cheki kulia, halafu natoa ubao wa sataranji nauweka mezani.