Makala ya kata yenu isifutwe tena

Ndugu, umeuliza kwa nini makala yako ya kata imefutwa Wikipedia ya Kiswahili. Kwa kawaida sababu huwa tafsiri ya kompyuta isiyosahihishwa, au kukosa vyanzo. Iandike upya kwanza kwenye ukurasa wako wa majaribio, Mtumiaji:JinaLako/Majaribio, kwa utulivu. Sentensi ya kwanza itaje wilaya, mkoa na nchi. Idadi ya watu ichukue kwenye sensa ya Tanzania ya 2022, kisha mara baada ya nukta weka tanbihi ya chanzo, hivi: <ref>chanzo, mwaka, ukurasa</ref>. Ukisahau ule mkwaju (/) wa kufungia, maandishi yote hadi tanbihi inayofuata yanamezwa, na wageni wengi hudhani maandishi yao yamefutwa! Sifa kama “Kata maarufu yenye watu wakarimu” ziondoe. Jamii za mwishoni (makundi ambamo makala hupangwa) nakili kutoka makala ya kata jirani.