Jibu: mbona chanjo ya malaria ilichukua miaka mingi kuliko ya korona?

Ndugu yangu, hilo la kwamba "malaria ni ugonjwa wa maskini, hakuna aliyejali" lina ukweli wake, maana fedha zilikuja kwa kudonoa. Lakini usikisahau kimelea chenyewe. Kirusi cha korona kina jeni zisizofika hata 50. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kina zaidi ya 5,000, na hubadili sura kila kinapohama. Mbu akikuuma, vimelea hukimbilia kwenye ini, vinazaliana humo kwa takriban wiki moja bila wewe kuhisi lolote, kisha vinamwagika kwenye damu vikiwa na umbo jingine kabisa. Kinga iliyojifunza umbo la kwanza haina habari na hili la pili. Ndiyo maana RTS,S, chanjo ya kwanza ya malaria, imelenga protini ya vile vinavyotoka kwa mbu, ili vidakwe kabla ya kuingia kwenye ini. Dirisha lenyewe ni dogo mno. Vikipenya vichache tu, mtoto anaumwa.

Kazi ya RTS,S ilianza 1987. Majaribio makubwa yalifanyika nchi saba za Afrika, yakiwemo ya Bagamoyo na Korogwe (Tanzania) na Kilifi (Kenya), na WHO ikaipitisha Oktoba 2021. R21, chanjo ya pili ya malaria, ikafuata 2023.

Na yule anayesema kwamba mtoto akichanjwa chandarua kiwekwe kabatini, hapana jamani. Chanjo hizi hupunguza malaria, hazizuii yote, na nguvu yake hushuka kadiri miezi inavyopita. Ndiyo sababu kuna dozi ya nne.