Muulize Fundi: Plaiwudi iliyogoma kukatika

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tuna karakana ndogo Morogoro. Tunatengeneza vibao vya majina ya maharusi, saa za ukutani na visanduku vya zawadi. Tulijibana mwaka mzima tukanunua mashine ya kukatia kwa mwanga wa leza, ile yenye tyubu ya kioo inayotoa mwanga, wati 60. Plaiwudi nyeupe ya milimita 3 inaikata kama mkasi na karatasi. Mteja alipotaka visanduku vigumu zaidi, nikanunua marini bodi, plaiwudi isiyoogopa maji, ya milimita 6. Nimepitisha leza mara nne: juu pamekuwa mkaa, chini hapajatoboka. Fundi wa mashine anasema tyubu imekufa, tununue nyingine. Shida ya pili, meno ya kuungia kuta za visanduku vyetu yanacheza, tunaziba kwa gundi na vumbi la mbao. Tusaidie. – Mama wa karakana, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela ya tyubu iache palepale ilipo. Kama ile plaiwudi ya milimita 3 bado inakatika kwa mwendo uleule wa siku ya kwanza, tyubu yako ni nzima. Kilichokushinda ni gundi.

Chukua kipande cha marini bodi ukitazame ubavuni. Utaona mistari myeusi, au ya rangi ya kahawa, kati ya tabaka na tabaka. Hiyo ni gundi ya fenoli. Imetengenezwa isiogope maji, ndiyo maana wajenzi wanaitumia kumiminia zege. Ikipigwa na moto wa leza haiyeyuki ikaondoka. Inageuka mkaa, na mkaa ule unakaa ndani ya mkato kama kizibo. Kila ukirudia unachoma mkaa, mti haufikiwi. Plaiwudi yako nyeupe kwa kawaida inakuwa na gundi ya yurea, ambayo mistari yake huioni kwa urahisi, na leza inaipita bila ugomvi.

Nalijua hili kwa hasara. Hapa Keko, Dar es Salaam, niliharibu karatasi nzima ya marini bodi, futi nane kwa nne. Nilipunguza mwendo, nikaongeza nguvu, nikafuta lenzi, nikabadilisha mpaka maji ya kupoozea. Jioni kijana mmoja wa karakana akapasua kipande kwa patasi, tukakisogeza mlangoni penye mwanga. Tabaka la juu lilikatika safi kabisa. Chini yake palikuwa na utando mweusi unaong'aa, mwembamba kama ukucha, na chini ya utando huo mti haujaguswa hata kidogo. Siku nzima nilikuwa nagombana na utando ule.

Kwa hiyo ukienda dukani usiulize unene na bei tu. Omba kuona ubavu wa karatasi. Kisha igonge kwa kifundo cha kidole kutoka kona hadi kona. Penye tundu au kiraka cha ndani sauti inabadilika, na hapo ndipo leza itakapokusumbua hata kama gundi ni nzuri.

Kazi ya mteja wako bado inawezekana. Kata vipande vya plaiwudi nyeupe ya milimita 3 viwili viwili, vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, vibane kwa klampu usiku kucha. Utapata ukuta wa milimita 6 ulio imara, na ndani ya karatasi zote mbili leza imepita vizuri. Marini bodi uliyokwisha nunua usiitupe. Ikate kwa msumeno wa meza, leza iandike majina juu yake tu.

Sasa meno. Seremala anayekata kwa msumeno anajua kuwa msumeno unakula mbao, na anaacha nafasi yake. Leza nayo inakula, ila kidogo, kwa hiyo watu wanasahau. Tuseme mkato wake una upana wa milimita 0.2. Jino ulilochora milimita 10 linatoka 9.8, kwa sababu limeliwa 0.1 kila upande. Tundu ulilochora milimita 10 linatoka 10.2. Ukivikutanisha una nafasi ya 0.4, na hiyo ndiyo mnayoijaza vumbi la mbao.

Pima mkato wa mashine yako mwenyewe. Kata miraba kumi ya milimita 20, ipange ubavu kwa ubavu, ibane, uipime yote kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili. Ikitoka 198 badala ya 200, milimita 2 zimeliwa na miraba kumi, kwa hiyo mkato wako ni 0.2. Kwenye programu ya kuchorea panua mstari wa kila kipande kwa nusu ya hiyo, yaani 0.1, kuelekea nje. Matundu ya ndani yanapunguzwa kwa kiasi hichohicho. Halafu pima unene wa karatasi yenyewe. Nimewahi kupima plaiwudi iliyouzwa kuwa ya milimita 3 nikapata 2.7. Ukichora tundu la 3 kwa mbao ya 2.7, litacheza tu hata ufanye hesabu gani. Meno yakishakaa sawa, pitisha msasa laini mara moja mbili kwenye kingo zilizoungua kabla ya kupaka gundi. Gundi inashika mti vizuri kuliko inavyoshika masizi, na vidole vya bibi harusi havitachafuka.

Kwa kuwa mmeanza kupitisha moto mara nne mahali pamoja, nakuomba jambo moja kama mzazi. Msiiache mashine peke yake ikikata, hata kwa dakika moja. Kijana wangu alitoka kwenda kupokea mzigo barabarani. Mpira wa hewa ulikuwa umechomoka kwenye kichwa cha leza, hakuna upepo wa kupuliza miali izimike, na kipande kidogo cha msonobari kikashika. Niliposikia harufu imebadilika, kutoka moshi wa kawaida hadi harufu ya plastiki, mfuniko ulikuwa umeanza kujikunja. Tuliuzima kwa gunia lililolowa. Tangu siku hiyo mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dayoksaidi unakaa mkono wa kulia wa mashine. Ule wa unga nao unazima, lakini unga wake unaingia kwenye vioo na reli, na mashine hairudi kuwa ileile.

SWALI: Mambo fundi. Nimeona mashine ndogo ya leza, ile isiyo na tyubu, imeandikwa wati 40 na bei yake ni nafuu. Inaweza kukata mbao za mninga za inchi moja? Nataka kutengeneza viti. – Kijana wa Mwanza

JIBU: Poa mdogo wangu. Haiwezi. Inchi moja ya mninga ni kazi ya msumeno. Muulize muuzaji wati za mwanga unaotoka ni ngapi, maana mara nyingi wati wanazoandika kwa herufi kubwa ni za umeme unaoingia, na mwanga unaotoka ni wati 5 au 10. Mashine hiyo itakuandikia vizuri kwenye mgongo wa kiti cha mninga, na kwa subira itakata plaiwudi ya milimita 3. Kwenye mpingo maandishi hayataonekana sana, kwani unachoma cheusi juu ya cheusi. Kwenye msonobari sehemu laini ya mti inaungua zaidi kuliko ile mistari migumu, kwa hiyo uso unatoka na mawimbi.

Ukiinunua, vaa miwani iliyotengenezwa kukinga mwanga wake wa buluu. Miwani ya jua haitakukinga. Na usiweke chini yake reksini ya makochi yenye PVC. Moshi wake una asidi, unakula mapafu na unakula chuma.

SWALI: Mimi ni mchonga nakshi, Unguja. Mjukuu wangu ananiambia tununue leza ichonge milango, patasi nizipumzishe. Nina hofu, lakini sitaki kumvunja moyo. – Mzee wa patasi

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mlango wa Mji Mkongwe unasomwa kwa kivuli. Waridi la kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, limeinuka, shina lake limezama, na jua la saa kumi likilipiga ubavuni linaonekana kama limekaa juu ya mti. Leza inachoma uso. Ukiilazimisha kuchimba kina kirefu inaacha shimo la masizi, na mgongo wa jani hautoki mviringo kama unavyoutoa wewe kwa patasi ya mdomo wa duara. Mashine inayochimba mbao nene inaitwa rauta, nayo ina kisu kinachozunguka. Hata hiyo ikimaliza, mkono unarudi kusafisha.

Lakini mjukuu wako ana hoja. Vigezo vyako vya karatasi, vile unavyofuatisha kuchora nakshi, vimechakaa, najua, kila mchongaji anavyo vilivyokatika pembeni. Achukue picha ya kigezo cha waridi, akichore upya kwenye kompyuta, akikate kwa leza kwenye plaiwudi nyeupe ya milimita 3. Atapata kigezo kigumu kisichokunjika, na akihitaji ishirini vinavyofanana atavipata kabla ya adhuhuri. Kabla hajanunua chochote, mpeleke kwa mwenye mashine akakate kimoja kwa malipo. Kiweke juu ya ubao wa mvule, ukizungushie penseli, kisha mpe yeye patasi achonge jani la kwanza wewe ukiwa umekaa hapo.